Barua ya Ukurasa Mmoja Kabla ya Muhula Kuanza

Baada ya kufundisha uhasibu kwa muda mrefu katika chuo kimoja kisiwani Mombasa, nilikabidhiwa dawati la wanafunzi wenye ulemavu. Watu wakiisikia kazi hii hudhani ni ya huruma, ya kumshika kijana mkono na kumpandisha ngazi. Sehemu yake kubwa ni makaratasi: barua, ratiba, orodha za vyumba vya mitihani, na simu za kuwakumbusha walioahidi. Nililojifunza humo ni kwamba marekebisho ya masomo yanayotegemea wema wa mhadhiri mmoja huondoka naye siku anapohamishwa, ilhali yaliyoandikwa, yakatiwa saini na kuwafikia wahusika kabla ya darasa la kwanza, humlinda mwanafunzi hata mbele ya mhadhiri asiye na muda wa kumsikiliza.

Nililiona hili kwa binti mmoja wa Kisauni mwenye ualbino, aliyekuwa akisomea uhasibu. Ualbino kwa kawaida huja na uoni hafifu, kwa sababu upungufu wa melanini, chembe za rangi mwilini, huathiri ukuaji wa jicho lenyewe, wala si rangi ya ngozi peke yake. Miwani husaidia lakini hairudishi uoni kamili, na mwanga mkali huumiza. Muhula wake wa kwanza ulikwenda vizuri kwa kuwa mhadhiri wake alikuwa muungwana: alimtumia faili la somo usiku wa kuamkia darasa ili alikuze kwenye simu yake, na alimweka mbele, upande usioelekea dirisha. Muhula uliofuata alikuja mhadhiri mwingine, aliyeandika kwa kalamu ya kijani iliyokaribia kukauka, akawaambia wanafunzi wote kwamba asiyeona anyooshe mkono. Hakuna kijana wa umri ule atakayenyoosha mkono mbele ya darasa lililojaa, wiki baada ya wiki, kutangaza kuwa haoni. Alianza kutegemea picha za ubao alizopigiwa na rafiki yake, nyingine zenye ukungu, na alama zake zikashuka. Alipoletwa ofisini kwangu aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, ina maana kila muhula nianze kuombaomba upya?"

Swali hilo ndilo lililozaa barua tunayoitumia sasa. Ni ukurasa mmoja. Ina jina la mwanafunzi, nambari yake ya usajili, kozi anazosoma muhula huo, na mambo anayohitaji yakiwa yametajwa kwa vitendo: faili la somo limfikie siku moja kabla, karatasi ya mtihani ichapishwe kwa herufi kubwa za ukubwa uliotajwa, aketi sehemu fulani, aongezwe muda wa kiasi fulani. Haina jina la ugonjwa wala maelezo ya daktari, kwa sababu mhadhiri wa takwimu hahitaji kujua kilichomo kwenye faili la hospitali ili achapishe karatasi kwa herufi kubwa. Hutiwa saini na dekani wa wanafunzi pamoja na msajili wa masomo, na nakala huenda kwa kila mhadhiri na kwa ofisi ya mitihani. Mwanafunzi mwenyewe huisoma kwanza na kuikubali. Akisema kipengele fulani hakitaki, hutolewa.

Msingi wa kisheria upo, na ni vizuri kuujua, ingawa nimeona kuwa kuanza mazungumzo na sheria humfanya mhadhiri ajihami. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia taasisi za elimu, pamoja na haki ya kutumia lugha ya ishara, Breili (maandishi ya nukta ya wasioona) au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo nafasi yake imechukuliwa na sheria mpya ya 2025, ilizitaka taasisi za mafunzo zizingatie mahitaji ya wanafunzi hawa katika masharti ya kujiunga, mitaala, mitihani, huduma za ziada na hata ratiba za vipindi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unayataja marekebisho haya kwa elimu ya juu waziwazi katika kifungu cha 24. Kwa hiyo hakuna chuo nchini kinachomfanyia mwanafunzi hisani kwa kumwongezea muda wa mtihani.

Ugumu wa kwanza ni kumjua mwenye haja. Fomu ya kujiunga ina kisanduku cha ulemavu, na wengi hukipita bila kukijaza. Wapo wanaoogopa kunyimwa nafasi. Wapo waliokanywa na wazazi wao wasiseme. Na wapo, hasa wenye maradhi ya muda mrefu au ugumu wa kusoma maandishi, ambao hawajioni kuwa wana ulemavu hata kidogo. Mama mmoja wa Changamwe alinijia na mwanawe na kunieleza kwa upole kwamba kijana hana tatizo lolote, ila tu hasikii vizuri sikio la kushoto na la kulia pia kidogo. Tangu hapo nimeacha kuwauliza wageni kama wana ulemavu. Huwauliza kitu gani kiliwasaidia shuleni, walikuwa wakikaa wapi darasani, na mtihani wa kidato cha nne waliufanyaje. Swali hilo la mwisho hufungua mengi, kwa kuwa Baraza la Mitihani la Kitaifa huwachapishia watahiniwa wasioona karatasi za Breili na wenye uoni hafifu karatasi za herufi kubwa. Aliyefanya mtihani wake namna hiyo ana ushahidi tosha wa kile kinachomfaa, na hakuna haja ya chuo kuanza kumpima upya kana kwamba uoni wake umebadilika njiani kutoka shuleni.

Kuhusu kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, huwahimiza waichukue kwa sababu ina manufaa yake, ukiwemo msaada wa vifaa. Lakini usajili hupitia uchunguzi wa madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, na foleni yake haifuati kalenda ya chuo. Tukingoja kadi, muhula utakwisha. Barua yetu hutoka kwanza. Kadi itakuja kwa wakati wake.

Penye kazi nyingi zaidi ni chumba cha mtihani, na hapa nitakaa kidogo. Kuongeza muda ni jambo dogo kulitamka, lakini chukua saa uhesabu. Karatasi ya muda wa saa tatu huanza saa tatu asubuhi na kwisha saa sita. Mwenye nyongeza ya robo ya muda atamaliza saa saba kasorobo. Mwenye nyongeza ya nusu, kama mwanafunzi asiyeona anayeandika kwa Breili, atatoka saa saba unusu. Karatasi ya pili inaanza saa nane. Katika nusu saa hiyo ale, ende msalani, na kama ni Muislamu aswali adhuhuri, kisha arudi kwenye karatasi itakayomfikisha saa kumi na mbili unusu jioni, alasiri ikiwa imempita na magharibi imeingia au inakaribia. Nyongeza aliyopewa kwa mkono wa kulia imechukuliwa kwa wa kushoto, na karatasi ya pili ataifanya akiwa hoi. Tumekubaliana na ofisi ya mitihani kwamba mwenye nyongeza ya nusu ya muda hapangiwi karatasi mbili siku moja, na kwamba Ijumaa hana karatasi ya asubuhi inayovuka saa sita. Hili lingewezekana tangu zamani. Kilichokosekana ni jina la mwanafunzi kumfikia mpanga ratiba kabla ratiba haijachapishwa. Ikishabandikwa ukutani, kuibadilisha karatasi moja kunagusa vyumba, wasimamizi na madarasa mengine, na jibu huwa "muhula ujao".

Chumba chenyewe pia kina mambo yake. Mashine ya Breili ya Perkins ina funguo sita za nukta na kengele inayolia mstari unapokaribia kwisha, na mlio wake utawasumbua wengine ukumbini. Anayemsemea majibu mwandishi, yaani mtu aliyewekwa kumwandikia, hawezi kukaa na wenzake, kwani wote watayasikia. Kwa hiyo inahitajika kumbi ndogo, na kila chumba kidogo kinahitaji msimamizi wake. Mwandishi naye hachaguliwi kwa hati nzuri peke yake. Nimemshuhudia mwandishi mmoja mwenye mwandiko wa kupendeza, asiyejua uhasibu, akiambiwa na mwanafunzi aweke kiasi fulani upande wa mkopo, akauliza upande huo ni upi. Mwanafunzi alitumia dakika nyingi kumfundisha namna ya kuchora leja badala ya kujibu swali. Mwandishi anatakiwa azijue alama na mpangilio wa somo, asiwe ndugu wala rafiki wa mtahiniwa, na aandike kile alichoambiwa, hata kama anajua kwamba ni kosa. Msomaji wa maswali naye asome kwa sauti moja. Wapo ambao hulisoma jibu sahihi kwa mkazo bila wao wenyewe kujua.

Kisha kuna simu. Yule binti wa Kisauni alizoea kukuza maandishi kwa simu yake, na simu hairuhusiwi kwenye mtihani, kwa sababu inayoeleweka. Fotokopi ya karatasi ya A3 ilipendekezwa, lakini karatasi ya ukubwa huo haitoshei kwenye dawati, na kuikuza karatasi nzima hukuza na nafasi tupu. Tulichofanya ni kuitoa kompyuta ya chuo isiyounganishwa na intaneti, ikiwa na faili la mtihani peke yake, naye akajaribiwa nayo katika mtihani mdogo wa katikati ya muhula kabla ya ule wa mwisho. Kipengele hiki cha majaribio sasa kimo katika kila barua. Kifaa kisichowahi kujaribiwa kitagoma siku ya mtihani, na hakuna siku mbaya zaidi ya kugoma.

Wanafunzi wasioona siku hizi wengi wao hupendelea kompyuta yenye programu inayosoma skrini kwa sauti. Ipo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, na haina malipo, jambo ambalo kwa chuo chenye bajeti yetu si dogo. Lakini kwa kawaida programu hiyo husoma maandishi, haisomi picha. Mhadhiri akizipiga picha kurasa za kitabu na kuzituma, mwanafunzi husikia kimya, au husikia jina la faili tu. Njia ya kupima ni nyepesi, na huwaonyesha wahadhiri wenzangu kwenye kompyuta zao wenyewe: jaribu kulichagua neno moja kwa kipanya; likikataa kuchaguliwa, umetuma picha. Maktaba yetu ilisita kwa muda kugeuza vitabu kuwa faili za kusomeka, ikihofia haki za waandishi, hadi tulipokaa na kuusoma Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaoruhusu kazi zilizochapishwa zigeuzwe kwa ajili ya wasioona bila kuomba idhini ya mwenye haki. Majedwali bado hututesa. Mizania iliyopangwa kwa nafasi na nukta badala ya jedwali halisi husomwa kama mfululizo wa nambari zisizo na mwenyewe, na kuirekebisha humchukua msaidizi wangu alasiri nzima.

Kwa wanafunzi viziwi, jambo ambalo wahadhiri husahau ni kwamba macho ni mawili na yote yanatazama mahali pamoja. Anayemtazama mkalimani hawezi kuandika. Akiinama kuandika, amepoteza sentensi mbili. Tunampa mwenzake mmoja karatasi ya kaboni, ile ya zamani ya kutolea risiti, akiandika madondoo yake nakala inabaki kwa kiziwi. Ni njia ya kizamani lakini haihitaji umeme. Mkalimani naye huchoka. Kwa kawaida wakalimani wawili hupokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini, nasi mara nyingi tuna mmoja, kwa hiyo barua inamtaka mhadhiri apumzishe darasa katikati ya kipindi. Tena mkalimani anahitaji maneno ya somo mapema. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, haifuati Kiingereza neno kwa neno, na istilahi kama uchakavu wa mali au dhamana ya serikali huenda isiwe na ishara wanayokubaliana wawili hao mpaka wakae wapange.

Na pangaboi! Hakuna darasa la Mombasa linalokalika Januari bila pangaboi, lakini mwenye kifaa cha usikivu akikaa chini yake husikia upepo na vyuma kuliko mhadhiri, kwa sababu kifaa hukuza kila sauti. Unyevunyevu wa pwani pamoja na jasho huviharibu vifaa hivyo. Tuliwashauri wenye navyo wavikaushe usiku ndani ya kopo lenye vifuko vya kufyonza maji, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kijana wa yule mama wa Changamwe aliandikiwa kiti cha mbele, mbali na pangaboi, na mhadhiri ajiepushe kuongea akiwa ameuelekea ubao. Kuyatekeleza hakukugharimu hata senti moja.

Kundi ambalo hupata taabu zaidi kueleweka ni lile lisiloonekana, na hapa pwani mfano wa karibu ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huuita sikoseli. Mwanafunzi huyo leo anacheka na wenzake, kesho yuko kitandani kwa maumivu ya mifupa, na kesho kutwa anarudi darasani akionekana mzima. Mhadhiri mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba kijana fulani alikuwa mtoro. Upungufu wa maji mwilini ni mojawapo ya mambo yanayochochea maumivu hayo, na kanuni ya mitihani ilikataza chupa ukumbini. Barua ya kijana huyo ilisema mambo matatu: aingie na chupa ya maji isiyo na karatasi, aruhusiwe kwenda msalani bila kuhesabiwa muda, na akilazwa wakati wa mtihani mdogo apewe mwingine ndani ya wiki mbili bila kulipishwa ada ya mtihani maalumu. La tatu ndilo lililopingwa, na fedha ndiyo iliyokuwa sababu ingawa haikutajwa.

Wahadhiri wanaposema tunashusha viwango, mimi huwajibu kwa swali: mtihani huu unapima nini? Karatasi ya ukaguzi wa hesabu inapima kama mtu anaweza kugundua kasoro katika vitabu vya kampuni. Kasi ya mkono haimo. Ukiondoa kasi, kiwango kimebaki palepale. Lakini swali hilo hukata kuwili, na ni lazima tulikubali linapotukata. Mwanafunzi wa uhazili mwenye udhaifu wa mkono mmoja aliomba nyongeza ya muda katika mtihani wa kupiga chapa, na kamati ilikataa, nami nikiwemo, kwa sababu kasi ndiyo hasa iliyokuwa ikipimwa. Alipewa kibodi ya kutumiwa kwa mkono mmoja na muhula mzima wa kuizoea. Hakufurahi siku ile, na sidhani alikosea kutofurahi.

Majengo sitayazungumzia sana, kwani kila mtu huyaona. Chuo chetu hakina lifti, na kwa hiyo darasa lenye mwanafunzi wa kiti cha magurudumu hushushwa chini. Hilo nalo hutegemea jina kumfikia mpanga ratiba mapema. Lisiloonekana na wengi ni kivuko. Anayetoka Likoni kwa kiti cha magurudumu, maji yakiwa yamekupwa sana wakati wa bamvua, hukuta njia ya kupandia feri imekuwa mteremko mkali, na hawezi kuipita bila wa kumsukuma katikati ya umati wa asubuhi. Kipindi chake cha saa mbili asubuhi kilisogezwa hadi saa nne. Darasa zima lilisogea naye, na sikusikia mtu akilalamika kwa kulala zaidi.

Tunachohangaika nacho sasa ni mafunzo ya kazini, kwa kuwa barua yetu ina nguvu ndani ya lango la chuo peke yake. Kampuni za uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini na mahoteli ya Nyali hupokea wanafunzi wetu kwa hiari, na wengine wakisikia neno ulemavu huanza kusema nafasi zimejaa. Tunamwachia mwanafunzi aamue kama mwajiri ataarifiwa na aarifiwe nini. Akikubali, tunakwenda naye kuitazama ofisi kabla hajaripoti: mlango, choo, meza, na ile programu ya kazini kama inasomeka kwa sauti. Yule kijana wa Likoni alipata ofisi nzuri ya ghorofa ya chini, meza ya kimo kinachomfaa na msimamizi mwenye moyo, lakini mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kiti chake. Mwenye jengo alikubali kuupanua, kwa sharti kwamba chuo kilipe nusu ya gharama. Ombi hilo liko mezani kwa mkuu wa fedha, na kijana anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa mwezi ujao.